Kikohozi Tulichokikata

Mihayo alipofika mara ya kwanza kurekodi nyumbani kwangu Kalangalala, mjini Geita, nilimwamuru avue viatu mlangoni. Alipovivua niliona soksi zimetoboka, vidole gumba vyote viwili viko nje. Hakuona haya. Aliinama akanipa shikamoo, nikaitikia, akasema, "Mwalimu, soksi zimechoka, ila sauti bado mpya."

Sikucheka. Siku hizo nilikuwa sicheki na wageni wa mjukuu wangu wa kike, Elieth. Chumba alichokigeuza studio kilikuwa stoo ya vitabu vyangu, na nilikuwa nimekitoa shingo upande. Nilimsomesha Elieth nikitaraji awe mwalimu kama mimi na kama marehemu bibi yake. Yeye akachagua ufundi wa umeme, kisha akarudi na kompyuta, maiki moja na magodoro manne makuukuu, akayapigilia magodoro hayo ukutani ili sauti isirudi. Watu walimwita fundi. Wanaume wenye ndevu walisimama mbele yake, akawaambia, "Rudia," nao wakarudia.

Heshima yangu kwake ilianza siku nilipoona jinsi anavyotunza kazi. Darasani kwangu Ushirombo, kwa miaka thelathini na minne, mwanafunzi aliyechana ukurasa wa daftari la rafu aliadhibiwa. Niliwaambia kuwa mwalimu asipoyaona makosa hawezi kujua mtoto amepita njia gani hadi kufika kwenye jibu. Elieth alikulia mikononi mwangu, na kanuni hiyo aliibeba hadi kwenye kompyuta. Kila alichokikata katika wimbo wa mtu hakukifuta. Alikiweka kwenye folda aliyoiandika RAFU, kisha jina la mwenye wimbo, kisha tarehe. Niliziona tarehe hizo zimepangwa mstari mmoja na nikajivuna, ingawa sikumwambia.

Mihayo alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma, kijana wa miaka thelathini na mmoja, hajaoa. Kundi lake lilicheza harusini na kwenye mikutano kuanzia Segese hadi Geita. Alizoea kuimba uwanjani, watu wakimzunguka, wimbo mmoja ukaenda nusu saa bila kukatishwa. Elieth alikuwa na utaratibu mwingine.

"Manju, tunaimba ubeti mmoja mmoja," alimwambia siku hiyo ya kwanza.

"Ubeti mmoja mmoja? Fundi, mimi naimba wimbo, siiti majina ya mahudhurio."

"Haya, imba wote. Ukikosea mwishoni unarudi mwanzo."

"Nikikosea nanunua soda."

"Nunua kabisa, maana umeshakosea. Umeingia kabla ya ngoma."

"Ngoma ndiyo imechelewa! Mwambie Luka, yeye ndiye anapiga kama mtu anayesubiri kulishwa."

Luka, mpiga ngoma wake, alicheka hadi akaweka ngoma chini. Hata mimi niliyekuwa sebuleni na gazeti nilijikuta nimesoma sentensi moja mara tatu.

Katikati ya ubeti wa tatu Mihayo alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilianzia chini, kikavu, kikaja kwa mfululizo, na kilipokwisha kilimwacha ameshika kigingi cha maiki kwa mikono miwili. Elieth alisubiri, kisha akasema kwa upole kwamba arudie. Alirudia, akakohoa tena. Ilipofika adhuhuri wakawa wamebuni njia yao ya kazi. Mihayo alipokisikia kikohozi kinapanda, aliinua kidole cha shahada. Elieth aliiacha mashine iendelee kurekodi. Mihayo alikohoa, akatulia, akaanza tena kutoka neno moja kabla ya lile lililokatika. Baadaye Elieth alikata sehemu ile ya katikati na kuunga pande mbili, na hakuna sikio lililoweza kutambua kiungo.

Nilimwona mara nyingi akifanya hivyo. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ya kuimba ilikuwa kama mawimbi madogo, na kikohozi kilisimama peke yake kama kichuguu. Alikizungushia alama, akakinyanyua, akakipeleka kwenye RAFU.

Mihayo aliposikiliza wimbo uliokamilika alivua hedifoni, akamtazama Elieth.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Nani mwingine?"

"Huyu ni mzima," akasema.

Ndipo alipotuomba jambo lile. Tulikuwa watatu, Luka akiwa amekwenda kununua hizo soda. Mihayo alikaa kwenye kigoda akatueleza kwamba kabla ya kupata jina alifanya kazi miaka miwili kwenye karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, karibu na Segese. Vumbi la mawe yale jeupe, alisema, lilikuwa jingi hata wenzake walitambuana kwa mwendo. Daktari alikuwa ameyapiga mapafu yake picha, na kumweleza bila kuzunguka kwamba vumbi limeshakaa humo na halitolewi. Angeweza kupewa dawa za kumpunguzia taabu. Kupona, hapana.

"Baba yangu alikufa hivihivi," alisema. "Alirudi kijijini, kule ng'ambo ya Maganzo, mama akamuuguza mwaka mzima. Siku ya kumzika mama alinishika mkono mbele ya kaburi, nikaapa kwamba sitasogelea mawe ya dhahabu. Akauza ng'ombe ili ninunue ngoma. Mimi nikaenda kwenye karasha, Mwalimu. Nilitaka kurekodi haraka."

Mama yake alikuwa na redio ndogo ya kutumia memori kadi. Kila mwezi Mihayo alimpelekea kadi yenye wimbo mpya kwa mkono wa kondakta wa basi la Shinyanga, na mwanzoni mwa wimbo, kama ilivyo desturi ya manju kuwasalimu watu wake kabla ya kuimba, alimsalimia yeye kwa jina na kumpa habari. Simu alikuwa ameacha kumpigia. Alimwambia imeharibika. Kwenye simu kikohozi hakikatwi.

"Fundi, naomba kila salamu itoke safi. Asisikie hata kimoja. Huyo mama ana presha. Akijua nimevunja kiapo, ataanguka. Niahidini nyote wawili. Hamtamwambia."

Elieth aliahidi. Nami nikaahidi. Nilisimama nikampa mkono, nikasema kwamba katika maisha yangu sijavunja neno langu. Ilikuwa kweli, na niliisema kwa majivuno.

Hivyo miezi ikaenda. Mihayo alikuja kila baada ya wiki mbili au tatu, na mimi nilianza kuacha gazeti mezani na kuingia kusikiliza. Alikuwa na vituko. Siku moja alimtungia Elieth ubeti wa kumsifu, kwamba ni binti anayewafunga wanaume midomo kwa kidole kimoja juu ya kitufe, na Elieth akamjibu kwamba ubeti huo nao ataukata. Alipoingia aliniuliza, "Mwalimu, leo unanipa ngapi juu ya kumi?" Nilimpa sita. Hata siku aliyostahili tisa nilimpa sita, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kutoa tisa. Alisema atakufa akiitafuta saba.

Kutoka kijijini vilirudi vifurushi kwa mkono wa kondakta yuleyule: michembe ya viazi iliyokaushwa vizuri, karanga, na maneno ya mdomo. "Mama anasema sauti yako imekuwa kama ya baba yako alipokuwa kijana." Mihayo alipopewa ujumbe huo aliugeukia ukuta wa magodoro, na Elieth akajifanya anatafuta waya.

Mwezi wa saba simu ya studio iliita. Namba ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha za memori kadi. Elieth alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea, akaweka simu sauti ya nje, nami nikayasikia yote.

"Hapo ni kwa fundi anayemrekodi Mihayo?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yake. Nimeazima simu ya jirani, Loveness, kwa hiyo sitakaa sana. Nakuuliza neno moja, usinifiche. Mwanangu ni mzima?"

Elieth aliweka chuma chini. "Kwa nini unauliza hivyo, Mama?"

"Nyimbo zake hazina pumzi. Namsikia akiimba, simsikii akivuta hewa. Mtu akiimba lazima avute hewa, mwanangu. Hata baba yake, aliyekuwa na kifua kama debe, nilimsikia akivuta. Huyu havuti. Sasa mimi nimeshavuna, shambani sina kazi. Ukiniambia nije, kesho napanda gari."

Elieth alinitazama. Macho yake yaliniomba ruhusa. Hilo siwezi kulikana, maana nimezoea kusoma macho ya watoto wanaotaka kusema ukweli na wanaogopa. Alisubiri. Nilitikisa kichwa kukataa.

"Mama," akasema taratibu, "ndivyo mitambo ya siku hizi inavyofanya. Inaondoa pumzi ili sauti itoke safi."

"Kwa hiyo ni mzima?"

"Mzima, Mama."

"Wabeja, asante mwanangu. Basi nimetulia. Nilikuwa silali."

Simu ilipokatika Elieth akasema, "Babu, alikuwa tayari kuja kesho."

"Uliahidi."

"Niliahidi kukata kikohozi. Sikuahidi kumzuia mama asimuuguze mwanawe."

"Uliahidi kutomwambia, na mimi pia niliahidi. Mwenye siri ni Mihayo. Leo ukitoa siri ya mtu kwa sababu umeona huruma, kesho nani atakuja kufungua kinywa mbele ya mashine yako?"

Nilizungumza kama nilivyozungumza darasani, nimesimama, mikono nyuma. Yeye alinyamaza kwa kuwa nilimlea hivyo. Naikumbuka sana nafasi ile kati ya swali la mama na jibu la mjukuu wangu. Ilitosha kusema neno moja: njoo.

Baada ya hapo Mihayo alishuka haraka. Kundi lilianza kucheza bila yeye, Luka akiimba nafasi yake. Alikuja studio akiwa ameshikwa mkono, akaimba ameketi, kisha ikawa si kuimba tena, bali kusema. Kidole kilikuwa juu muda mrefu kuliko kilivyokuwa chini. Elieth aliunga neno kwa neno, halafu silabi kwa silabi. Siku moja nilimkuta ameweka kichwa mezani. Salamu ya maneno ishirini ilikuwa imemchukua asubuhi nzima.

Mara ya mwisho alikuja mwezi wa tisa. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Alitaka kuinama avue viatu, nikamwambia aingie navyo. Alinitazama, akatabasamu kidogo.

"Leo hali yangu ni mbaya kweli," alisema. "Mwalimu ameruhusu viatu."

Alikaa mbele ya maiki. Alianza kumsalimia mama yake, "Mayu, shikamoo. Mimi..." na kidole kikapanda. Alianza tena. Mara tisa alianza, na mara tisa hakufika kwenye neno "mzima". Mwishowe aliegemea ukuta, jasho likimtiririka, akamwambia Elieth kwa mnong'ono, "Fundi, unazo za zamani. Chukua ile 'mzima' ya mwezi wa tatu. Ilikuwa nzuri."

"Manju..."

"Na 'nitakuja' ichukue kwenye ya mwezi wa tano. Nilisema nitakuja mvua zikianza. Iweke hapo."

Elieth alinigeukia. "Babu, hii sasa si kukata. Hapa nitamfanya aseme asichokisema."

Mwanafunzi wangu angekata maneno ya daftari la zamani akayabandika kwenye mtihani, ningemrudisha nyumbani akamlete mzazi. Nililijua hilo palepale. Lakini Mihayo alikuwa ananitazama kwa macho yale yaliyobaki makubwa usoni, na mimi nilikuwa nimempa mkono.

"Mfanyie anavyotaka," nikasema.

Akamfanyia. Ilitoka salamu safi kabisa, ya kijana mwenye afya, yenye furaha hata. Mihayo aliisikiliza mara moja, akavua hedifoni, akasema, "Mpe Mwalimu asikilize anipe maksi." Nilisikiliza. Nilimwambia tisa. Alifumba macho, akaniambia kwamba tisa hiyo ni ya fundi, si yake, na yeye bado anaidai saba.

Alifariki hospitalini siku kumi na moja baadaye, Luka akiwa kando yake. Kadi ilikuwa imecheleweshwa Shinyanga. Ilimfikia mama yake asubuhi ileile. Loveness, yule jirani mwenye simu, ndiye aliyetusimulia msibani: kwamba redio ilikuwa juu ya kinu, Mihayo anasema mimi mzima, mayu, nitakuja mvua zikianza, wakati simu ya Luka ilipoingia, na kwamba Loveness alipomweleza, mama alimfokea: "Unanitania? Si huyu hapa anazungumza?" Akaongeza sauti ya redio ili Loveness asikie vizuri. Ilibidi wazee wamwambie mara tatu, na wimbo wote ulikuwa unapigwa, kwa maana hakuna aliyethubutu kuizima redio.

Tulikwenda kuzika. Mama Mihayo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyelia mbele za watu. Alitushika mikono akatushukuru kwa kumtunza mwanawe mjini. Nilisema pole. Nililotakiwa kulisema sikulisema, nikajipa sababu kwamba msiba si mahali pake.

Mvua zilipoanza alikuja Geita kuchukua vitu vya marehemu. Siku ya pili, asubuhi, alibisha mlango wangu, amebeba mfuko mmoja na redio yake.

"Mwangaluka," alisema.

"Mwangaluka, Mama Mihayo. Karibu."

Alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa. Alikataa chai. Aliomba kuonyeshwa mahali mwanawe alipokuwa anasimama, na Elieth akamwonyesha. Aliyagusa magodoro, akakigusa kigingi cha maiki pale ambapo rangi ilikuwa imetoka kwa kushikwa. Kisha akamgeukia Elieth.

"Luka ameniambia habari ya kidole. Ameniambia mlikuwa mnakata."

"Ndiyo, Mama."

"Mlivyovikata mmevitupa wapi?"

Elieth aliitazama kompyuta. "Sikuvitupa," akasema. "Vyote ninavyo."

"Nipe nisikie."

"Mama, ni vikohozi tu. Havina maneno. Vitakuumiza."

"Mnanionea huruma tangu mwezi wa pili," alisema mama, wala sauti yake haikupanda. "Imetosha. Nipe nisikie."

Elieth alimvisha hedifoni juu ya kilemba, akafungua folda. RAFU. MIHAYO. Tarehe zimepangwa mstari mmoja, kama nilivyomfundisha. Akabonyeza ya kwanza.

Mimi sikusikia kitu. Nilimwona mwanamke ameketi kwenye kigoda cha mwanawe, mikono juu ya magoti, na kwenye kioo vichuguu vikipita kimoja baada ya kingine. Kila baada ya muda alisema neno, kwa sauti kubwa kidogo, kama wanavyosema watu waliozibwa masikio.

"Hiki ni cha juu. Hapa bado anabeba ngoma mwenyewe." Baadaye: "Hapa ameanza kulala ameketi. Nani alimwekea mito?"

"Luka, Mama," alisema Elieth, ingawa hakuweza kusikiwa.

Mwaka mzima mama huyo alimuuguza mume mwenye kifua hikihiki. Alikijua kila kikohozi kama mimi ninavyoujua mwandiko wa mtoto niliyemfundisha. Elieth kwa mitambo yake, na mimi kwa elimu yangu, tulikaa na sauti zile miezi minane bila kuelewa zinasema nini. Yeye alizisoma kwa kupita mara moja.

Ghafla aliinua kidole, kilekile cha shahada. Elieth akasimamisha.

"Hiki ni cha lini?"

Elieth alitazama tarehe. "Mwezi wa saba, Mama. Siku mbili baada ya wewe kupiga simu."

Mama alivua hedifoni, akaiweka mapajani. "Baba yake alipokohoa namna hii," alisema, "alikuwa bado anakula. Tulikaa naye miezi mitatu. Alikuwa anataka uji wa ulezi wenye ukwaju, na jioni nikimsugua mgongo anapata usingizi. Kupona sikusema angepona. Lakini ningemsugua mgongo."

Elieth alikuwa analia. Akafungua mdomo, na nikajua anataka kuubeba mzigo huo yeye, kwa kuwa jibu lilitoka kinywani mwake. Nilisimama.

"Mama Mihayo," nikasema, "siku ile mjukuu wangu alitaka kukuambia uje. Aliniangalia. Mimi ndiye niliyemkataza."

Alinigeukia. "Kwa nini, Mwalimu?"

"Nilimpa Mihayo neno langu kwamba hutaambiwa."

"Ukalitunza?"

"Nikalitunza."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua. "Yeye alikuwa mtoto anayemwogopa mama yake," alisema. "Wewe ni mtu mzima. Ulipaswa kujua kwamba ningemgombeza siku moja tu."

Nilitaka kuomba msamaha. Naamini niliuomba, maana midomo yangu ilitembea, lakini hakunijibu na wala hakunilaumu zaidi ya hapo. Alivaa hedifoni tena, akamwonyesha Elieth aendelee. Alisikiliza hadi ile ya mwisho, ile ya mara tisa, ambayo kila mara inaanza na mayu na haifiki. Hapo tu ndipo alipoinama, paji la uso likagusa meza, akabaki hivyo hata baada ya kioo kutulia.

Kisha akaitoa kadi kwenye redio yake, akampa Elieth. "Niwekee hivi vyote."

"Nivipange, Mama? Nipunguze makelele ya..."

"Usikate kitu."

Nilimsindikiza stendi, nikambebea mfuko. Nilimtafutia kiti dirishani, nikabaki nje, mvua nyembamba ikininyeshea, nikingoja basi liondoke kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuagana naye. Aliipakata redio, akaingiza kadi, akaifungua.

Kikohozi cha Mihayo kikatoka dirishani. Nilikuwa sijawahi kukisikia hivyo, peke yake, bila wimbo wa kukizunguka. Watu waliokuwa wanapanga mizigo waligeuka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto, aliyekuwa anapita kutafuta kiti chake, alisimama akasikiliza kidogo tu, hata kabla mfululizo ule haujakwisha.

"Mama," alisema kwa wasiwasi, "huyo ni nani wako? Huyo ni mgonjwa. Usimwache peke yake, mwahi."

"Wabeja, mwanangu," alijibu Mama Mihayo. "Ndiyo naondoka naye sasa."

Dereva akawasha gari. Mimi nilisimama palepale hadi sikuweza kukisikia tena.